Mbao Mbichi

9 Machi 1967

Upepo wa jana jioni umeezua nyumba yetu. Nilikuwa bado sokoni Kibuye nafunga magunia yangu ya maharagwe wakati mawingu yalipopanda kutoka ziwani. Nilipofika Mamboleo nikakuta watu wamesimama barabarani wanaangalia kwetu. Mabati ya upande mmoja yalikuwa yametupwa hadi shambani kwa jirani yetu Awuor. Mume wangu, Mzee Wakhisi, alikuwa amekaa kitandani upande huo uliokuwa wazi, amevaa koti lake la kazi ya reli, mvua inampiga. Nilimwambia atoke. Akasema alikuwa anangoja iishe.

Tumehamia jikoni, kile kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba.

10 Machi

Asubuhi nimekuta mabati yetu yameegemezwa kwenye ua, moja juu ya lingine. Awuor ameyaleta mwenyewe kabla ya kwenda kuuza omena, dagaa wa ziwani. Hakuingia. Tangu Agosti mwaka jana hajavuka ua huo.

Naandika hapa mara moja ili nisirudie. Banda la kanisa aliloezeka mwanangu Waliaula lilianguka watoto wakiwa ndani wanafundishwa nyimbo. Wengine walivunjika mikono. Aoko, binti wa Awuor, alikufa. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kung'oka meno ya mbele. Mbao zilikuwa mbichi, na ni kamati ya kanisa iliyozinunua. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo ninavyosema mtu akiniuliza. Siku ya mazishi Wakhisi alimwambia Waliaula aondoke hapa. Akaenda Usenge, kando ya ziwa, anabeba samaki wa watu.

Sijui kama bado naruhusiwa kumwita Awuor "Mama Aoko". Kwa hiyo simwiti kitu.

13 Machi

Mvua. Mzee anakohoa.

15 Machi

Nimemwambia Wakhisi tumwite Waliaula aje atuezekee. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu juzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kumenya kiazi chake. Halafu akasema mji huu una mafundi wengi.

Nimemjibu kwamba mtu anaweza kuwa na moyo wa chuma mpaka akamwacha mtoto wake alale na wavuvi. Hakusema neno. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi kwake. Afadhali angegombana.

18 Machi

Nimeanza kutafuta fundi. Kila mtu sokoni ana fundi wake. Rosa wa viazi anamsifu shemeji yake, lakini shemeji huyo sijamwona akiwa hajalewa. Nimeamua nitafanya hivi: fundi yeyote anionyeshe nyumba aliyoezeka miaka mitatu iliyopita, si ya mwezi jana, niende siku ya mvua, nimuulize mwenye nyumba bila fundi kuwepo.

22 Machi

Nimekwenda kwa Bwana Zacchaeus Mureithi. Huyu ndiye aliyemfundisha Waliaula kazi. Sokoni waliniambia nisimwamini, ametoka mbali, siku moja atafunga karakana yake arudi kwao na mali za watu. Lakini nyumba mbili alizonielekeza nilizipata kavu kabisa, na mwenye moja, mama mzee wa Kisii, aliniambia Mureithi hurudi kila mwaka kuangalia paa bila kuitwa.

Mureithi mwenyewe alikuja kwetu, akapanda ukutani, akashika mbao zilizobaki kwa mkono, moja moja. Aliposhuka akasema kuta ni nzuri, paa lote litoke. Kisha akasema hawezi kuanza kabla ya Julai kwa sababu ana ghala la pamba la kumaliza, na hataki kuchukua kazi ya mtu aiache nusu. Nilimsihi. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mama, mtu akikuambia ataanza kesho na mvua hii, muulize mbao zake zilikauka wapi."

Alipokuwa anaondoka aliuliza habari za Waliaula. Nikamwambia yuko Usenge. Akasema tu kwamba hakuwa mvivu. Wakhisi alikuwa mlangoni pa jikoni, alisikia, akageuka akaingia ndani.

26 Machi, Pasaka

Kanisani nimeomba jambo moja tu, paa. Kisha nikaona aibu, kwa sababu Awuor alikuwa safu ya mbele yangu, na pembeni yake kwenye benchi palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeikalia ingawa watu walikuwa wamesimama nyuma.

30 Machi

Mvua usiku kucha. Nyasi za jikoni zinavuja juu ya miguu ya kitanda. Tumelala tumejikunja.

4 Aprili

Kikohozi cha mzee kimebadilika, sasa kinatoka chini kabisa. Dawa aliyopewa hospitali ni ile nyekundu ya kikohozi, na ameambiwa asilale penye unyevu. Nilicheka mbele ya daktari. Alidhani nina dharau.

7 Aprili

Sitaweza kungoja Julai. Nimekubaliana na Walubengo. Ni mtu wa kwetu Sirisia, anaomba vizuri kanisani, na nyumba aliyonionyesha haikuwa mbaya ingawa ina mwaka mmoja tu. Ninajua nimevunja masharti yangu mwenyewe. Ataanza Jumatatu.

10 Aprili

Walubengo ameanza. Amekuja anaimba. Jioni paa la zamani lilikuwa chini lote.

12 Aprili

Leo mbao zimefika. Mimi sikwenda Kibuye, nilibaki ili niwapikie. Walipozipakua nilipita karibu na lori nikasikia harufu, ile harufu tamu ya mti uliokatwa juzi. Nikaweka kiganja juu ya ubao mmoja. Ulikuwa baridi, na mkono ulitoka na maji.

Nikamuuliza Walubengo mbao hizi zilikauka wapi. Akacheka, akasema zitakaukia juu, ndivyo kila mtu anavyofanya siku hizi. Nikamwambia mbao zikikaukia juu zinapinda na misumari inalegea. Akaniuliza nimesomea wapi ufundi. Nikamwambia nilisomea kwenye kaburi la mtoto wa jirani.

Wakhisi alitoka jikoni. Alikuwa na blanketi mabegani, anapumua kwa shida. Akamwambia Walubengo, bila kupandisha sauti, apakie mbao zake aondoke nazo.

Ndipo Walubengo alipokasirika. Alisema hizi ni mbao kama zile zile za banda la kanisa, tena alikuwepo kwenye kazi ile, alikuwa anampitishia Waliaula misumari. "Msinifundishe mimi," akasema. "Mwanenu alijua kwamba ni mbichi. Alijua, na akapanda."

Nilimgeukia Wakhisi ili amfukuze kwa sababu ya maneno hayo. Alikuwa anaangalia chini.

13 Aprili

Mvua. Walubengo ameondoka na mbao zake. Nyumba iko wazi kama sahani.

14 Aprili

Kesho nakwenda Usenge. Sijamwambia mzee ninakwenda kufanya nini. Hakuuliza.

16 Aprili

Nimerudi jana jioni. Leo nina nguvu ya kuandika.

Nilimkuta Waliaula ufukoni kati ya wanawake wanaoanika omena. Amekonda. Nywele zake zina magamba ya samaki. Aliponiona alitua kikapu alichokuwa amebeba, akaja akanishika mikono yote miwili, akauliza kama baba amekufa. Nikasema hapana. Akashusha pumzi, akanipeleka kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa ili utiwe lami, tukakaa.

Nilimpa ugali na kuku niliobeba. Alikula kidogo. Nilimweleza habari za upepo, za Mureithi, za Walubengo na mbao zake. Nilikuwa natumaini kwamba nikifika hapo ataruka mwenyewe na kusema Walubengo ni mwongo, nami sitalazimika kuuliza. Hakusema. Ikabidi niulize.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Alisema aliwaambia wale wa kamati mbao zinataka mwezi mwingine zikiwa zimepangwa juani. Walikuwa wamealika wageni wa ufunguzi, kadi zimeshatumwa. Mwenyekiti akamwambia kama yeye hawezi, kuna wanaoweza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa tangu aondoke kwa Mureithi. Aliona itapita mbele ya macho yake iende kwa mwingine. Alizunguka zile mbao siku nzima. Kesho yake akapanda.

"Nilijiambia pengine," akasema. "Kila msumari niliopiga nilijiambia pengine."

Nilikaa pale. Wanawake walikuwa wanageuza omena kwa mafagio, mmoja anaimba polepole. Kwa miezi yote hii nimebeba jina la mwanangu sokoni kama mtu anayebeba yai. Nimegombana na watu. Nilimwambia Awuor mwenyewe, siku ya tatu baada ya mazishi, kwamba ni kamati. Nilimwambia hivyo usoni mwake, naye akanijibu kwa heshima kwamba amesikia.

Nilitaka kumpiga mwanangu. Nilitaka pia kumtoa yale magamba kichwani. Sikufanya lolote. Nilipoinuka kwenda kutafuta basi alinifuata mpaka barabarani, hatua chache nyuma yangu, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na ameharibu kitu.

17 Aprili

Jana baada ya kuandika nilimwambia Wakhisi kila kitu. Alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Aliniambia siku ile ile."

Nikamuuliza siku gani. Akasema siku banda lilipoanguka. Waliaula alitoka pale moja kwa moja akamfuata karakana ya reli, akamwambia mbele ya mashine, na mashine zikawa zinapiga kelele hata ikabidi aseme mara mbili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na mtoto yeye mmoja tu," akasema. "Niliona afadhali unichukie mimi."

Nilitoka nje. Mvua ilikuwa imekatika. Nilisimama ndani ya nyumba yetu, nyota juu, maji yakinifika kwenye vifundo vya miguu. Nilikumbuka maneno yote niliyomwambia mzee huyu tangu Agosti. Neno moyo wa chuma lilikuwa dogo kati ya hayo.

19 Aprili

Mzee hana homa leo. Amekunywa uji wote.

23 Aprili

Baada ya kanisa Wakhisi amesema tumwite Waliaula.

Nilidhani homa imerudi. Nikamwambia mimi mwenyewe sasa sijui kama ninamwamini. Nilipokuwa nadhani hana kosa, ningempa nyumba yangu nikiwa nimefumba macho. Sasa ninaogopa kulala chini ya kazi yake.

Akaniambia mafundi wengine wataezeka, watakunywa chai, watakwenda kulala usingizi. "Mimi nataka yule ambaye hatalala," akasema.

 Nimetuma habari kwa mwanamke anayeleta samaki kutoka Usenge.

27 Aprili

Waliaula amekuja. Alisimama nje ya ua mpaka baba yake alipomwita aingie. Walipeana mikono kama watu wanaofanya biashara. Hakuna aliyelia. Mimi nilikwenda kuchota maji, nikakaa kisimani muda mrefu.

28 Aprili

Mbao amezichukua kwa Mureithi, zilizokaa chini ya kibanda tangu mwaka jana. Mureithi alimwacha achague mwenyewe. Waliaula amerudisha karibu nusu ya zile alizochagua mara ya kwanza, akarudi kuchagua tena. Mureithi hakumharakisha.

29 Aprili

Kabla ya nyundo kupigwa, Wakhisi alisema lazima mtu amwambie Awuor. Nikasema nitakwenda mimi. Akakataa. Alivaa lile koti, akachukua fimbo, akavuka shamba taratibu. Nilimwona anasimama mara mbili kukohoa. Walizungumza mlangoni, hakukaribishwa kuketi wala hakufukuzwa.

Aliporudi alisema alimwambia mambo mawili. Kwamba mwanetu atakuwa juu ya paa letu kuanzia Jumatatu. Na kwamba mbao zile zilikuwa mbichi na mwanetu alijua.

Nikashika kichwa. Nikamuuliza Awuor alijibu nini.

"Alisema ni nyumba yangu. Kisha akasema asante kwa kumwambia."

1 Mei

Nyundo tangu asubuhi. Awuor ameondoka na beseni lake kabla ya mapambazuko na amerudi giza limeingia.

3 Mei

Vivyo hivyo.

6 Mei

Leo Kibuye Awuor amekaa mahali pake karibu na pangu. Mteja mmoja alituuliza kama sisi ni ndugu.  Nilitaka kumwomba msamaha kwa yale niliyomwambia baada ya mazishi, kwamba ni kamati. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama ana chenji. Alikuwa nayo.

9 Mei

Waliaula anapiga msumari, anaushika, anautikisa, anaenda kwenye mwingine. Jioni anapanda tena kukagua misumari aliyopiga asubuhi. Walubengo alipita barabarani akauliza kwa sauti kama tunajenga nyumba au saa ya ukutani. Mzee anakaa chini kwenye kiti na kumwelekeza mahali ambapo hakuna haja ya kuelekezwa. Waliaula anaitikia kila mara, ndiyo baba.

Kikohozi kimezidi. Mzee hataki kurudi hospitali mpaka paa liishe.

13 Mei

Mabati yamepanda.

16 Mei

Limekwisha. Mvua kubwa alasiri. Tulisimama ndani wote watatu tumeangalia juu, hata kama tungezungumza tusingesikiana. Hakuna tone lililopita.  Wakhisi alimshika Waliaula shingo kwa nyuma, akamwachia.

Usiku tumelala kitandani. Waliaula amelala jikoni. Nilimwambia chumba kipo. Akasema huko ni sawa.

21 Mei

Leo tumefanya maombi ya nyumba. Watu wa kanisa walikuja, na wa sokoni, Rosa akaleta sufuria la viazi. Bwana Mureithi alikuja na mkewe Wangui, akazunguka nyumba nje mara moja, akaangalia juu, akaingia akaketi. Waliaula hakuingia. Alikuwa nyuma anapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Tulipokuwa kwenye wimbo wa pili nilimwona Awuor kupitia dirishani. Alikuwa amevuka ua. Nilitoka haraka kumkaribisha. Alikuwa amekuja na omena kwenye karatasi, akanipa, akasema ni ya mzee. Nikamwambia aingie, manyunyu yalikuwa yameanza. Alifika mpaka penye ukingo wa paa. Aliangalia mabati, akaangalia ndani kule watu walikokuwa wanaimba.

"Siwezi," akasema. "Samahani. Miguu ndiyo haitaki."

Akakaa kwenye gogo nje, akajifunika gunia. Hakutaka kuondoka, hakuweza kuingia. Nilirudi ndani nikasimama kati ya watu wangu, pakavu, wote wanapiga makofi. Nikashindwa. Nilitoka nikaketi kando yake kwenye gogo. Alinipa nusu ya gunia. Tulinyeshewa mpaka maombi yalipokwisha.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema nilimdanganya bila kujua, na kwamba bora ningenyamaza. Akasema alifahamu tangu mwanzo kwamba Waliaula alijua, kwa sababu siku ya mazishi alimwona amesimama mbali, na mtu asiye na kosa angekuja karibu.

22 Mei

Mvua. Waliaula amesema anarudi Usenge. Sikumzuia. Mureithi amemwambia kazi ipo akitaka. Amesema atafikiri.

30 Mei

Mzee amelazwa. Mapafu yote mawili.

2 Juni

Amenitambua. Aliuliza kama panavuja.

5 Juni

Wakhisi ametutoka leo asubuhi.

7 Juni

Kesho tunampeleka kwao Sirisia. Jana tulimleta nyumbani alale chini ya paa lake. Waliaula amekuja kwa lori la samaki. Anasimama mlangoni tangu alipofika, si ndani wala nje, anawapokea watu.

Alasiri mbingu zilifunguka. Waombolezaji waliokuwa uani walikimbilia ndani, nyumba ikajaa, wengine wakaenda jikoni. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka kando ya jeneza. Nikamwona Awuor anakuja kupitia shambani, hakimbii, nguo zimemganda mwilini. Nikajua atakaa kwenye gogo, nikaanza kuinuka nimfuate.

Alifika mlangoni. Waliaula alimwona, akataka kupita atoke ampishe. Awuor hakumpisha. Walisimama hapo, yeye na mwanangu. Kisha Awuor akainua mguu akavuka kizingiti. Alipita kati ya watu mpaka kwangu, akaketi kwenye mkeka, akaushika mkono wangu akauweka mapajani mwake. Mkono wake ulikuwa baridi kama barafu. Aliangalia juu, kwenye mbao, ubao hadi ubao, mpaka upande wa pili.

Waliaula alikuwa bado amesimama pale, mlango wazi, mvua inampiga mgongoni.

"Ingia ndani," Awuor akamwambia. "Ufunge mlango. Baba yako analoa."